Springi za Kangeta

Safiya alisikia kabati la nyuma ya gari likipasuka kabla hajaliona. Krrak! Mara tangi nalo likatoboka, na lita hamsini za maji safi zikaanza kutiririka chini ya kitanda mpaka miguuni pa Nelius, aliyekuwa ameketi mbele na karatasi zake za ukaguzi magotini.

"Simamisha gari," Nelius alisema.

"Si nimeshasimama!" Safiya alifoka, kisha akauma ulimi. Mkaguzi hafokewi. Hasa huyu, aliyetumwa na kampuni ya safari ya Embu siku hii moja tu, aamue kama gari la Safiya litabeba wageni msimu mzima, au mwenyewe atarudi buchani mjini Maua kumkatia kaka yake matumbo ya ng'ombe mpaka azeeke.

Walikuwa katikati ya mto mkavu wa mchanga na mawe, chini ya Siakago, saa nne asubuhi, jua la Mbeere limeshaanza kuchoma. Gurudumu moja la nyuma lilining'inia hewani likizunguka bure. Gurudumu zima! Gari lililotakiwa kujipindapinda na mawe kama mtu anayetembea peku lilikuwa limekakamaa kama meza.

Gari lenyewe ni urithi wake. Baba yao alipofariki, Abdulatif, kaka mkubwa, alipata bucha, na Safiya akapata van ya kubebea nyama: injini nzuri, magurudumu yote manne yanavuta, harufu mbaya. Miezi minane alikuwa akiibadilisha. Aliisugua kwa ndimu na magadi mpaka nzi wenyewe wakakata tamaa. Akatia sakafu ya mbao, kitanda cha kukunja, jiko la gesi, tangi la maji, sola juu ya paa. Watu wanaoelekea mbugani walikuwa wakinunua nyama pale buchani kila wiki na kuuliza, hakuna mtu wa kutupeleka porini atupikie? Kwa miaka kumi na tisa Safiya alisimama nyuma ya kaunta akiwajibu hakuna. Alichoka kujibu hakuna.

"Gari lenye kitanda!" Abdulatif alikuwa akiwatangazia wateja. "Dada yangu anataka kulala na nyani. Haya, asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Na wateja wanacheka. Nani asiyecheka mbele ya mtu anayempimia nyama?

Kazi ya chini ya gari alimpa Kiunga, fundi wa Kangeta. Kiunga ni fundi, tusimnyime sifa yake. Pikapu ngapi zinazotimua mbio na miraa kwenda Nairobi kabla ya alfajiri zimepita mikononi mwake! Lakini ujuzi wake ni ule ule mmoja: kuongeza mabamba ya chuma kwenye springi za nyuma, moja juu ya lingine, mpaka gari libebe magunia hadi darini bila kuinama. Safiya alimweleza mara tatu. Usiongeze, Kiunga. Mimi sibebi miraa, nabeba watu na masufuria. Weka mabamba matano kila upande, nataka springi laini, gurudumu likikuta shimo lishuke nalo. Na Kiunga kila mara, "Sawa madam, sawa kabisa." Juzi Safiya alipolichukua gari aliliona gumu. Akaambiwa springi mpya ni kama viatu vipya, zitalegea tu.

Sasa alilala kifudifudi mchangani akahesabu. Kumi na moja. Akahamia upande wa pili. Kumi na moja! Alitoa simu, akampigia fundi.

"Kiunga! Nilikwambia mabamba mangapi?"

"Matano, madam."

"Na umeweka mangapi?"

Kiunga alikohoa. "Madam, si Abdulatif alikuja hapa garage? Akasema mmebadilisha plan. Ati hiyo maneno ya wageni haitamaliza miezi tatu, gari itaingia kazi ya miraa, so niitengeneze ya mzigo mara moja tu."

"Na hukuniuliza?"

"Aki madam, huyo ni ndugu yako mkubwa. Yeye akisema, mimi nitauliza nani tena?"

"Gari ni la nani, Kiunga?"

"Ni yako."

"Nani alikuwa anasimama hapo kwako kila Jumamosi, tope mpaka magotini?"

"Ni wewe."

"Kumbe ulijua!" Akakata simu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na Safiya alikuwa akikisikia kikitafuna. Alilia, wallahi, lakini hakukuwa na huzuni hata tone. Alilia kwa hasira, kamasi na vumbi vikichanganyika, akimlaani Abdulatif kwa Kiswahili na kwa Kimeru.

Nelius alingoja amalize. "Dada, gari hili siwezi kuliandikia wageni."

"Usiandike. Unaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi nipe mpaka saa kumi."

Alirudisha gari nyuma polepole mpaka kwenye changarawe ngumu, akazuia magurudumu kwa mawe, akapiga jeki. Jumamosi zote zile alizosimama akimwangalia Kiunga hazikupotea, mikono ilijua wapi pa kushika. Nati ziligoma, akazitukana, zikafunguka. Alitoa mabamba sita upande wa kushoto. Alipofika upande wa kulia, Nelius alikuwa amevua viatu na kumshikia spana.

Saa tisa kasoro robo Safiya alipita tena pale pale. Gari likainama, likayumba, gurudumu likashuka shimoni na kupanda jiwe bila kuachana na ardhi. Nelius aliandika kwa muda mrefu.

"Kabati ni mbao tu," alisema mwishowe. "Tengeneza na hilo tangi, uniletee Embu nilikague Ijumaa. Wageni wa kwanza ni Jumapili."

Kesho yake asubuhi Safiya aliingia buchani. Wateja watatu walikuwa kwenye foleni.

"Umerudi mapema," Abdulatif alisema. "Limevunjika nini?"

"Ulikwenda kwa Kiunga."

Hakukana. "Nilikuwa nakuandalia pa kuangukia, Safiya. Ukishindwa, gari lina kazi. Kosa langu liko wapi?"

"Hukuniandalia pa kuangukia, Abdu. Ulinisukuma! Na Jumapili ningekuwa na watoto wa watu humo ndani!"

"Punguza sauti, kuna watu."

"Ulipokuwa ukiwachekesha watu hawa hawa, mbona hukupunguza yako?"

Wateja waliangalia sakafu. Abdulatif aliweka kisu chini, akafuta mikono, akaifuta tena. Aliposema, ilibidi Safiya asogee kumsikia.

"Na mimi nitabaki hapa na nani?"

Hapo ndipo hasira ilipompanda kuliko hata kule mtoni. Miezi minane! Miezi minane ya nyani na guu kuvunjika, kumbe neno lenyewe ni hilo.

"Ungeniambia hivyo siku ya kwanza," alisema, "ningebaki. Wallahi ningebaki, Abdu, na nisingejuta."

"Basi nakwambia sasa."

"Sasa mwambie Kiunga. Si ndiye unayezungumza naye mambo yangu?"

Akageuka, akawaomba wateja njia, akaenda kumtafuta seremala wa kutengeneza kabati.