Pete ya Mwisho

Mwaka ule wa vita, Restituta aliamua kujifunza kusuka bangili za pete za waya. Msimcheke. Mumewe, Leonidas, alikuwa Uganda na jeshi, na mwenye kusubiri hutafuta cha kushika mkononi.

Fundi wake alikuwa mamamkwe, Rozalia. Kijijini kwao, kijiji cha ujamaa karibu na Lusahunga, walikaa barazani wakizungusha waya wa shaba kwenye msumari mnene, wakaukata pete pete, kisha wakazipachika moja ndani ya nyingine. "Usiitanue pete, mkamwana! Ipinde kwa upande!" Rozalia aligomba. Vidole vya Restituta vilivimba, lakini hakuacha.

Na kulikuwa na mwiko. Pete ya mwisho hufungwa mkononi mwa mwenyewe. Ukiifunga naye hayupo, umemsukia maiti.

Kufikia Mei bangili ya Leonidas ilibakiza pete hiyo moja. Restituta akaitundika ukutani, pete ikiwa wazi. Asubuhi akaikuta imefungwa. Akaifungua kwa koleo, asimwambie mtu. Kesho yake, imefungwa tena! Siku tisa, jamani, aliifungua akinong'ona, "Leonidas, usinifanyie hivi. Rudi." Siku ya kumi shaba ilichoka, pete ikakatika.

Akamkimbilia Rozalia jikoni akilia. "Mama, Leonidas amekufa! Anaifunga mwenyewe!"

Rozalia aliketi chini. "Ninayeifunga ni mimi," akasema. "Walikuja watu wa wilayani, wewe ukiwa shamba la kijiji. Amezikwa huko huko. Mdomo ulinishinda, mwanangu. Nikasema ukiiona imefungwa, utaelewa."

Restituta alimchukia. Mchana Rozalia alidandia lori kwenda Rulenge kumwombea mwanawe misa, alale huko. Restituta akabaki peke yake. Akakata pete mpya, akaipachika, akaiacha wazi. Alikuwa bado anabisha. Watu wa wilayani nao hukosea majina, ati!

Akatia komeo mlangoni, akaweka koleo chini ya mto, akalala.

Asubuhi komeo lilikuwa mahali pake, na koleo pia. Pete ilikuwa imefungwa, ncha zimekutana bila mwanya.

Hakuigusa. "Haya, mume wangu," alisema, "nimesikia." Kisha akatoka barazani kumngoja mamamkwe, wamlilie pamoja.