Mpini wa Mzee Mwinshehe

Nassibu alikuwa na miaka thelathini na tisa, mke na watoto watatu, na bado baba yake alimwita "mikono ya mama'ko" mbele za watu. Mzee Mwinshehe alikuwa amewachinjia Waislamu wa Temeke na Chang'ombe tangu Mjerumani hajaondoka. Macho yalipopofuka kabisa, mwaka ule askari waliopigana Burma waliporudi, alimkabidhi mwanawe kisu chake cha kuchinjia, kisha akaanza kazi mpya ya kumdharau anayekitumia.

Kisu chenyewe kilikuwa bapa refu la chuma cha zamani, limeshindiliwa kwenye mpini wa mpingo na kugandishwa kwa sandarusi. Kiganja cha Mzee kilikuwa kimeuchimba mpini ule kwa miaka arobaini. Dole gumba lilikuwa na shimo lake, na vidole vingine kila kimoja na lake. Mzee alikuwa na mikono mipana kama sinia. Nassibu alirithi viganja vidogo vya mama yake, na kila akishika kisu vidole vyake vilitangatanga katika mashimo ya mtu mwingine.

Mpini ukilowa damu ulimteleza. Na mchinjaji akishaweka kisu shingoni na kusoma Bismillahi, hainui mpaka amalize. Akiinua katikati mnyama akafa hivyo, nyama ni kibudu, hailiwi, na hakuna atakayemwita tena. Mwezi wa Rajabu, kwenye ng'ombe wa hitima, kisu kilimzunguka Nassibu mkononi, kikabaki kimegusa koo kwa ncha tu. Watu hawakuona. Yeye alirudi nyumbani, akaenda moja kwa moja kwa baba yake.

"Baba," alisema, "naomba niubadilishe mpini. Bapa libaki lile lile."

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Kisu hakina kosa. Miaka yote hiyo hakijanilalamikia mie. Mkono ndio wa kike. Sasa sikiliza. Siku utakapoutoa mpini ule, sina radhi nawe, duniani wala akhera."

Wala hakuwa akitania. Kila siku baada ya alasiri aliagiza aletewe kisu barazani, akaketi akiupapasa mpini huku akiwasimulia wageni jinsi mwanawe anavyochinja kama anayemenya muhogo. Nassibu alikuwa akisikia yote. Usiku alijiuliza achague radhi ya baba au riziki ya watoto, na asubuhi aliamka na swali lile lile.

Mwishowe akapata njia ya tatu, na kwa akili ya namna ile, heri mtu azaliwe mjinga. Alikwenda kwa Jabiri, fundi wa visu wa Chang'ombe. Jabiri akapasha sandarusi moto, ikalegea, mpini ukatoka. Bapa la Mzee likavishwa mpini mpya wa mninga, mwembamba, wa kipimo cha Nassibu. Mpini wa Mzee ukatiwa bapa jingine lililofuliwa kwa chuma cha pipa kuukuu, urefu ule ule, uzito ule ule.

"Hiki usikipeleke kazini," Jabiri alimwonya. "Chuma laini. Ukikinoa kinanoleka, lakini makali hayakai."

"Ni cha kushikwa tu," alisema Nassibu.

Ikawa hivyo. Alasiri Mzee alipewa mpini wake aupapase, asubuhi Nassibu alichinja kwa kisu kilichomtii, mvuto mmoja na kurudi. Watu wakaanza kumsifu. Sifa zilipofika barazani, Mzee alitikisa kichwa.

"Mmeona? Mpini wangu unamfundisha."

Matusi yote Nassibu aliyavumilia. Hilo lilimkaa kooni.

Siku nne kabla ya Iddi Kubwa, Muhsin, Mwarabu mwenye duka mtaa wa pili, alikuja barazani akamwamkia Mzee shikamoo. Tangu utoto wake Muhsin hakuwahi kula nyama ya Iddi iliyochinjwa na mkono usio wa Mzee.

"Mzee, kondoo wangu mwaka huu nataka umchinje wewe. Mwanao akuongoze mkono tu."

Mzee Mwinshehe alilia. Machozi yalitoka katika macho yale yasiyoona, akayaacha yashuke bila aibu.

Tabu, mke wa Nassibu, alimvuta mumewe uani.

"Bwana, siku nne zinatosha. Virudishe visu kwa Jabiri avibadilishe tena mipini. Kazi ya saa moja hiyo."

"Nitakwenda kesho."

Kesho yake alisema mvua. Keshokutwa yake alisema Jabiri hayupo, na Jabiri alikuwepo. Ukweli ni kwamba hakutaka. Alitaka, mara moja tu katika maisha yake, watu wauone mkono wa baba yake ukishindwa.

Asubuhi ya Iddi alikinoa kile kisu cha pipa mwenyewe, taratibu. Mzee akapitisha dole gumba kwenye makali.

"Leo umenoa vizuri, mwanangu."

Hakuwahi kumsifu hata siku moja. Nassibu alifungua mdomo aseme kweli, kisha akamshika baba yake mkono wakaondoka.

Uani kwa Muhsin kondoo dume alilazwa, akaelekezwa kibla. Nassibu aliuongoza mkono wa baba yake mpaka kooni. Mzee akasoma kwa sauti kubwa, akavuta. Manyoya na ngozi tu vikayamaliza makali. Akavuta tena, kisu kikakwaruza. Akakandamiza kwa uzito wake wote, kondoo akakoroma na kurusha mateke, damu ikatoka kwa kurukaruka. Mkono wa Mzee ukainuka na kisu chake, kanzu yote imerukiwa.

Nassibu alikuwa na kisu cha kweli kiunoni. Alisubiri. Alipoinama kumalizia, miguu ya kondoo ilikuwa imeshanyooka.

"Kibudu," alisema shehe wa mtaa.

Muhsin hakulaumu. Aliagiza lichimbwe shimo. Nyuma kule mtu akasema, "Mzee ndiyo basi tena," na hakujisumbua kunong'ona.

Nyumbani Mzee aliketi na kanzu yake ile ile. Tabu alileta beseni la maji, akasimama mlangoni akimkazia macho mumewe.

"Nassibu," alisema Mzee. "Kisu kilikuwa na makali?"

"Si ulipima mwenyewe, baba?"

"Nilipima. Basi ni mkono."

Tabu aliliweka beseni chini kwa kishindo.

"Ni mkono, baba," alisema Nassibu.

Mzee Mwinshehe akaunyoosha mkono ule, bado una damu iliyokauka, akamtafuta mwanawe hewani mpaka akampata bega.

"Nimekuonea miaka mingi. Nimekuaibisha kwa watu, kumbe mie ndiye niliyekwisha. Nisamehe. Radhi yangu unayo yote, ya dunia na ya akhera. Nenda kwa fundi ukautoe mpini ule, uweke unaokufaa."

Nassibu aliupokea mkono wa baba yake, akaubusu.

"Nitautoa kesho, baba," alisema.