Rafu ya Mlangoni

Vumbi lilikuwa limetangulia kufika. Jua la asubuhi lilipoingia dirishani lililikuta likielea juu ya vitabu, likipanda, likishuka, likitafuta pa kukaa kama mgeni asiyeonyeshwa kiti. Chini yake alisimama mkutubi mpya, kitambaa mkononi, naye vilevile hajui pa kuanzia.

Ee vumbi, wewe uliyekaa na shangazi yake miaka yote hiyo, si ungemwambia tu!

Shangazi, dada wa baba yake, ndiye aliyeitunza maktaba hiyo ya shule mpaka magoti yalipokataa ngazi. Ndiye aliyemfundisha kazi: kila kitabu na namba yake mgongoni, kila namba na mahali pake, wanyama kwa wanyama, nyota kwa nyota. Binti akashika. Akashika mno, hata wanafunzi wakamwita Bi Namba, nyuma ya mgongo wake bila shaka.

Basi nani aliivuruga rafu ya mlangoni?

Maana rafu nyingine zote zilinyooka. Hiyo moja tu, fupi, iliyojibanza nyuma ya mlango, ilikuwa soko. Kitabu cha hedhi kimeegemea cha kigugumizi. Cha msiba kimebanana na cha chunusi. Kikojozi, talaka, baba mlevi, wote kitanda kimoja. Bi Namba aliviangalia, akaisoma migongo, akaisoma tena. Hakuelewa.

Akafunua karatasi ya nyuma, pale panapogongwa muhuri kila kitabu kinapoazimwa. Nyeupe. Cha pili, nyeupe. Hakuna aliyewahi kuviazima. Lakini kurasa zilikuwa zimelegea, pembe zimekunjika, majalada yamechoka kama viatu vya mtu wa safari. Kitabu kisichosomwa kinachakaaje? Na kwa nini shangazi, kila mwaka, aliagiza vilevile tena? Aliangalia, hakuelewa, kichwa kikamuuma.

Ndani ya kile cha baba mlevi, katikati, mlikuwa na uzi wa kijani. Aliuacha hapohapo, asijue ni takataka au ni alama.

Akafanya anachokijua. Akakipa kila kimoja mahali pake: hedhi kwenye tiba, talaka kwenye sheria, msiba juu kabisa kwenye falsafa, atakayeutaka apande ngazi. Rafu ya mlangoni akaipangusa ikabaki tupu, inang'aa. Meza yake akaisogeza katikati ya chumba, kila aendaye rafuni ampitie. Na kwenye oda ya vitabu vipya, iliyotakiwa kwa muuzaji Ijumaa, akavikata vyote vya rafu hiyo. Kisichoazimwa hakiagizwi. Alijisikia mwepesi.

Ndipo walipoanza kuja watoto wa kusimama. Wanafika mlangoni, wanaangalia rafu tupu, wanamwangalia yeye, wanaondoka. Mmoja, msichana mrefu wa darasa la saba, alirudi na kurudi. Alipapasa ubao kwa kiganja, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Hamna, mwalimu. Napita tu."

Anapita kwenda wapi, na korido yenyewe inaishia maktaba? Bi Namba alibaki na kalamu hewani. Sweta la msichana lilikuwa la kijani, mkono mmoja umefumuka.

Akaukumbuka ule uzi wa kitabuni. Akamtafuta shangazi kwenye simu.

"Shikamoo shangazi. Ile rafu ya mlangoni, mbona vitabu vyake havina muhuri?"

"Marahaba. Kwani umevigusa?"

"Nimevipanga, kila kimoja kwa namba yake."

"Na meza umeiweka wapi?"

"Katikati."

"Sasa wanangu watapita wapi?"

"Si waje tu waazime, shangazi? Mficha uchi hazai."

"Aliyesema hayo hakuwa na miaka kumi na mitatu. Wewe ungekipeleka kitabu cha kikojozi kikagongwe muhuri mbele ya darasa zima?"

"Na vikipotea?"

"Vingine hupotea, ndiyo. Kwani nilikuwa naagiza tena kwa nini?"

Bi Namba akaona aibu, aibu ya mtu aliyefagia chumba akazoa na pete yake mwenyewe. Vitabu akavirudisha mlangoni, vibanane kama zamani, namba zao mgongoni. Kile chenye uzi akakiweka mwisho, karibu na mkono wa anayepita. Meza akaigeuzia dirishani, akaketi mlango ukiwa kisogoni, kitambaa kikiwa mbali.

Na hapo ndipo alipochanganyikiwa zaidi. Mlango unalia, yeye hageuki, shingo inamuuma kwa kutogeuka. Ni mtoto? Ni upepo? Ni yule msichana, au yule ameshakata tamaa, amekwenda nyumbani kwao na nusu ya kitabu kichwani, na nusu iliyobaki ndiyo aliyoihitaji? Hakujua. Wa kumuuliza hakuwepo, maana kuuliza kwenyewe ndiko kulikomfukuza. Alisikiliza, hakuelewa, akasikiliza tena.

Ijumaa asubuhi, oda ikiwa bado mezani, alishindwa kuvumilia akaenda kutazama. Jua lilikuwa limefika mpaka nyuma ya mlango. Vumbi lilitanda juu ya ubao, jembamba, kama unga uliobaki kwenye meza ya chapati. Mwisho wa rafu palikuwa na pengo safi, jembamba, upana wa kitabu kimoja.

Akasimama hapo. Hakuwa na hakika ni nani, wala amefika ukurasa gani. Machozi yalimtoka, akacheka, asijue aanze na lipi.

Akarudi mezani, akakiandika tena kile kitabu kwenye oda, na vile vingine vyote chini yake. Kitambaa akakitia kwenye droo. Vumbi liliendelea kushuka ndani ya jua, polepole, likitafuta pa kukaa, na safari hii aliliacha likae.