Mawili Laini, Mawili Magumu

Noël alikuwa akishughulikia mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Bangboka, kazi iliyompa sare yenye mistari mabegani na nafasi kubwa ya kukaa, maana ndege zenyewe hazikuwa nyingi. Nafasi hiyo yote aliitumia kulifikiria gari lake. Lilikuwa Toyota nyekundu ya zamani, ya zile zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, na alilipenda kwa namna ambayo mkewe Germaine alikuwa ameacha kuionea wivu, kwa kuchoka tu.

Mwaka uliotangulia, katika mbio za klabu ya magari ya mjini Kisangani, Noël alishindwa na Rachidi, mwanyumba wake. Wawili hao walikuwa wameoa dada wa tumbo moja. Rachidi, muuza vitenge aliyetoka Maniema, hakumcheka. Alifanya jambo baya zaidi: alimfariji. Mbele ya mama mkwe wao, Mama Orpha, alimpiga Noël bega na kumwambia kwamba hata gari la kawaida lina faida zake. Mama Orpha akaitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo, Noël akiamka asubuhi, kitu cha kwanza alichokiona ni kile kichwa kikiitikia.

Klabu yenyewe ilikuwa na rais, makamu watatu, mshauri wa itifaki na magari matano. Mbio zake zilikuwa za namna moja: magari mawili yanasimama sambamba kwenye lami, yanafyatuka, yananyoosha mpaka mzunguko wa barabara, yanauzunguka na kurudi yalikotoka. Ndiyo kusema dereva alihitaji matairi ya kufyatukia na matairi ya kupigia kona, na klabu ilimruhusu kuja na seti moja tu.

Hapo ndipo Noël alipokosa usingizi. Binamu yake Eddy, ambaye elimu yake yote ya mbio aliichota kwenye simu, alimweleza jambo lilivyo.

"Kaka, pneu laini, tairi laini, inashika lami wakati wa kuondoka," alisema Eddy. "Ubavu wake unajikunja, unakamata, gari inaruka. Lakini kwa virage, kwa kona, ule ubavu unajikunja tena, na gari inalala kama mulevi. Pneu ngumu, ubavu unasimama, unapiga virage muzuri. Lakini kwa kuondoka sasa, inazunguka bure pale pale, unatoa tu moshi."

"Basi mutu anachagua nini?"

"Inategemea mutu," alisema Eddy, na huo ndio ukawa mwisho wa elimu yake.

Noël alikwenda kwa Assumani, fundi wa kuziba na kuuza matairi karibu na soko. Assumani alimsikiliza mpaka mwisho, akafumba macho kama anayesali, akasema matairi magumu ndiyo yanayofaa mbio za kila aina. Dukani kwake hakukuwa na aina nyingine. Noël aliuliza pia kwa mchungaji, kwa daktari wa meno, na kwa abiria mmoja mtafiti wa Yangambi aliyekuwa akitafuta sanduku lake lililopotea. Kila mmoja alikuwa na jibu, na kila jibu lilitolewa bila hata chembe ya shaka.

Nyumbani mambo yakawa mazito. Germaine aliuza samaki wa kukaushwa waliokuja kwa mtumbwi kutoka Yanonge, na siku zote gari ndilo lililowachukua bandarini. Sasa gari likawekwa juu ya mawe, lisichoke.

"Papa Benie," alisema Germaine, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "samaki iko kule bandarini tangu asubuhi. Jua inaikausha mara ya pili."

"Voiture iko kwa préparation, inatayarishwa."

"Na mimi niko kwa préparation ya nini?"

Noël alikuwa ameshainama kupangusa gari. Germaine alikodi pikipiki, akafunga vikapu nyuma, akaenda zake akiwa ameketi wima kama mtu anayepelekwa kuapishwa.

Mwishowe Noël aliamua. Aliagiza matairi manne laini kutoka mashariki ya nchi, kwa kuwa mwaka jana aliachwa tangu kuondoka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Yalipakiwa kwenye lori lililokuja kwa njia ya Bafwasende. Mvua ikanyesha, lori likazama kwenye tope hadi kwenye ekseli, na dereva wake, mtu mwenye akili za haraka, akatafuta kitu cha kutia chini ya magurudumu. Mbao hakuwa nazo. Alipofika Kisangani alimkabidhi Noël matairi mawili mapya, na mengine mawili yaliyokuwa yamechanika na kunuka msitu.

"Yalishika vizuri kabisa, papa," alimwambia kwa heshima. "Bila yale, tungekuwa kule mpaka leo."

Mbio zilikuwa zimekaribia. Noël alifunga mawili laini nyuma, akarudi kwa Assumani kununua mawili magumu ya mbele. Eddy alipoona, alilizunguka gari mara mbili, kisha akasema hii ni système, mbinu maalumu. Noël, ambaye hakuwa na neno lingine la kuita balaa lake, akakubali kwamba ni système.

Jumamosi alasiri watu walijaa pande zote za barabara. Mama Orpha alikalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na rais wa klabu. Germaine alisimama kule kwenye mzunguko pamoja na dada yake Micheline, mke wa Rachidi, kwa sababu kule kulikuwa na kivuli. Rachidi alikuja na matairi magumu manne, mapana, yaliyong'arishwa kwa mafuta.

Bendera iliposhuka, gari la Rachidi lilitoa moshi na kelele bila kusogea. La Noël liliruka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwona mwanyumba wake kwenye kioo cha nyuma, na furaha iliyomshika ilikuwa kubwa kiasi kwamba alichelewa kukanyaga breki.

Alikata usukani. Matairi ya mbele yakashika kama kucha. Ya nyuma yakajikunja, yakalegea, na mkia wa gari ukaamua kwenda wenyewe. Noël akafumba macho. Alimtaja Yesu, akamtaja marehemu baba yake, akaachia usukani kabisa. Gari likauzunguka ule mzunguko wote kwa ubavu, mkia ukitangulia, likatokea upande wa pili pua ikiwa imeelekea kule kule lilikotoka. Noël alifumbua macho, akaona barabara tupu iliyonyooka mbele yake, na kwa woga mtupu akakanyaga mafuta. Matairi laini yakauma lami. Rachidi, aliyepiga kona yake kwa ustadi, hakumfikia tena.

Watu walimbeba. Rais alitangaza kwamba jimbo lao la Tshopo limepata mbinu yake lenyewe. Mama Orpha aliitikia kwa kichwa, safari hii kwa Noël, na Noël akalia kidogo. Germaine alingoja mpaka watu wapungue, akaingia garini. Njiani alimwambia polepole:

"Nilikuona. Macho ulifunga."

"Nilifunga."

"Bon. Kesho tutaenda bandarini na voiture."

Wakaenda. Lakini sifa zilimkaa Noël vibaya. Alipokuja Rachidi na kumwomba siri, kwa unyenyekevu ambao haukuwa desturi yake, Noël alishindwa kumdanganya.

"Bokilo, mwanyumba wangu, hakuna siri. Zile mbili ngumu, ni juu ya ile lori ilikwama. Kwa rond-point, kule kwa mzunguko, nilishikwa na woga, nikafunga macho, nikaachia volan."

Rachidi aliinua mikono kama aliyeshika usukani, akaiachia. "Unafunga macho," alirudia taratibu, "na unaachia volan. Asante, bokilo. Mwingine angenificha."

Noël alimwapia kwamba hiyo si mbinu. Alimshika mkono mpaka mlangoni akimsihi. Kadiri alivyosihi, ndivyo Rachidi alivyozidi kumshukuru.

Wiki iliyofuata Rachidi alifanya mazoezi, mawili laini nyuma, mawili magumu mbele, na gari lake likapanda juu ya mzunguko na kulala kwenye maua. Noël alimkuta nyumbani, shingo imefungwa, mkono umetundikwa kwenye kitambaa, Micheline akimnywesha uji bila kumtazama mgeni.

"Kosa iko yangu," alisema Rachidi. "Nazani nilifunga macho mapema."

Rais wa klabu naye alikuwa amefika kumpa pole. Alimuuliza Noël kama haifai mbinu ile ikatazwe kwa wanaoanza.

"Ikatazwe kwa watu wote," alisema Noël. "Na mimi pia."

Rais alisema jambo zito kama hilo linahitaji tume ya matairi, na mwenyekiti wake hawezi kuwa mtu mwingine ila Noël. Noël alitaka kukataa. Alimtazama Rachidi na shingo yake, akafungua kinywa, kisha akauliza kama mwenyekiti atakaa meza ya mbele, karibu na Mama Orpha.