Kasoro Iliyokutwa

Kila bunduki iliyoletwa kwetu ilikuja na kikaratasi chekundu kimefungwa kwa uzi kwenye kifyatulio. Upande mmoja mteja ameandika malalamiko yake, kwa kawaida kwa mwandiko wa mtu aliyeamka vibaya. Upande wa pili ulikuwa wetu, na ulikuwa na mistari miwili tu: Kasoro iliyokutwa, halafu Kilichofanyika. Mstari wa kwanza haukuruhusiwa kuachwa wazi, wala kuandikwa "hakuna". Hiyo ilikuwa amri ya Walter Gagnon, mkuu wa idara ya matengenezo, na kwa Gagnon amri za kiwanda na amri za Kanisa zilikaa kabati moja.

"Mtu hafungi bunduki yake kwenye sanduku akaileta Massachusetts kutoka mwisho wa dunia, eti kwa sababu hana kazi ya kufanya," alikuwa akituambia. "Ina kasoro. Hamuioni, tafuteni tena. Bado hamuioni, badilisheni kitu."

Basi tulibadilisha. Springi, skrubu, chochote kilichokuwa karibu na mkono. Bunduki ikarudi kwa mwenyewe na kitu kipya ndani yake, naye akalala usingizi.

Kazi yangu ilikuwa barua na simu. Meza yangu ilikuwa kati ya mlango wa Gagnon na dirisha la chumba cha shabaha, ambako Loretta Pelc alipiga risasi kutwa nzima huku mimi nikipiga taipu. Loretta alikuwa mjaribu wa bunduki kwa miaka ishirini na tisa, mama mfupi mwenye aproni na pamba masikioni. Kila bunduki iliyotengenezwa ilipita kwake. Alipiga risasi tatu, na ile karatasi ya shabaha tuliitia kwenye sanduku pamoja na bunduki ili mwenyewe aone kwa macho yake. Mara nyingi yale matundu matatu yalikuwa yameingiliana yakawa moja.

Tulisifiwa sana, na niseme mapema kwamba tulistahili. Matengenezo yalikuwa bure hata kama bunduki ilinunuliwa na babu wa mteja. Barua ilikwenda na jina la mtu, si muhuri. Kila mwisho wa mwaka mteja alipata kalenda ya ukutani yenye picha za wanyama. Watu walituandikia kutoka kila jimbo kutushukuru. Nilijivunia kazi ile. Bado najivunia, lakini kwa kiasi.

Bunduki ya Reino Kangas ilifika mara ya kwanza mwezi Desemba, msimu wa kuwinda kulungu ulipomalizika. Ilitoka Michigan ya juu kabisa, kule Wafini, watu wa Finland, walikokwenda kuchimba shaba, na shaba ilipokwisha wakabaki. Wafini wa kule hawapotezi maneno. Kwenye kikaratasi alikuwa ameandika: "Inapiga pembeni."

Loretta akapiga tatu. Tundu moja.

"Hii haina kitu," akasema.

"Badilisha mtutu," akasema Gagnon.

Tukatia mtutu mpya. Nikapiga taipu: Kasoro iliyokutwa, mtutu umechoka. Ule wa zamani nilioneshwa ndani yake kabla haujatupwa, nao ulikuwa unang'aa kama kijiko cha wageni. Lakini mimi ni mtu wa taipu, nikaandika nilichoambiwa.

Baada ya wiki tatu kikaja kifurushi cha samaki wa kukaushwa kwa moshi kutoka Ziwa Superior, wamefungwa kwenye gazeti, na barua ya mstari mmoja: "Asanteni. Ninyi ni watu wa haki." Alishukuru kabla hajampiga mnyama hata mmoja. Ndivyo alivyotuamini. Samaki tukawala tumesimama, na biskuti za chumvi. Barua Gagnon akaitia kwenye fremu, akaitundika karibu na birika la kahawa ili idara nzima iione.

Desemba iliyofuata bunduki ikarudi. "Bado inapiga pembeni." Tukabadilisha kilengeo cha mbele. Kasoro iliyokutwa, kilengeo kimelegea. Hakikuwa kimelegea. Samaki wakaja tena, na safari hii Gagnon akampelekea mkewe wawili.

Desemba ya tatu ndipo alipoleta barua.

"Kwa kiwanda," aliandika. "Mwezi uliopita nilimlenga kulungu amesimama hatua arobaini. Risasi ikaingia kwenye mti. Mkwe wangu Dale alikuwa hatua mbili kutoka mti huo. Nina miaka sitini na minane na sijapata kumkosa mnyama hatua arobaini. Itengenezeni kabisa safari hii, au mniambie haitengenezeki niitupe ziwani. Nimetia karatasi niliyoipiga baadaye, muone wenyewe."

Nikampelekea Loretta karatasi. Ilikuwa na matundu matano yaliyokaa pamoja, ungeweza kuyafunika yote kwa kikombe cha kahawa. Yalikuwa upande wa kulia wa shabaha, upana wa kiganja kizima kutoka katikati.

Alikuwa ameshaijaribu bunduki asubuhi hiyo. Tundu moja, kama kawaida. Akaziweka karatasi mbili mezani kwangu, akatoa pamba sikioni.

"Walter, njoo uone."

Gagnon akaja hadi mlangoni. "Kilengeo kimepinda. Badilisheni."

"Kimepinda wapi? Nimekifunga mimi mwaka jana, kwa mikono hii hii."

"Basi badilisheni kitako."

"Na tukimaliza kitako tumbadilishie mkwe?" Loretta akaweka kidole kwenye yale matundu matano. "Bunduki mbovu inatawanya. Mkono mbovu unatawanya. Hapa hakuna kilichotawanyika. Huyu mzee amelenga vizuri sana, ila amelenga mahali pasipo shabaha."

"Maana yake nini?"

"Marehemu mama yangu, miaka yake ya mwisho, ukiongea naye anakutazama sikio. Tukasema mama siku hizi ana dharau. Kumbe akikutazama usoni haoni uso. Pembeni anaona, katikati hamna kitu. Basi huyu mzee anaitazama shabaha sikioni."

Gagnon akavua miwani, akaivaa tena. "Hapa si hospitali, Loretta. Unataka Dolores hapa amwandikie mteja kwamba ni kipofu?"

"Nataka ampigie simu."

"Hatujawahi kumwambia mteja kwamba kasoro ni yake."

"Ndiyo maana bunduki imekuja mara tatu."

Gagnon akarudi ofisini kwake na kufunga mlango. Hakusema hapana, na kwetu hiyo ilihesabika kuwa ndiyo. Nikabaki nimekaa. Nilikuwa nikiuona ule mti kule Michigan, na huyo Dale, hatua mbili.

Simu ilipokelewa mara moja.

"Kangas."

"Habari za leo, mzee. Mimi ni Dolores Fournier, wa matengenezo, kule kiwandani."

"Imeharibika kabisa?"

"Bunduki iko salama. Mzee, ukilenga unafunga jicho gani?"

"La kushoto. Kila mtu anafunga la kushoto."

"Kalenda yetu ya mwaka huu ulipata?"

"Binti, umenipigia kutoka Massachusetts kwa ajili ya kalenda?"

"Nivumilie kidogo. Iko wapi?"

"Jikoni. Hapa hapa mbele yangu."

"Desemba kuna picha gani?"

"Kulungu dume. Kwenye theluji. Pembe nane. Si wa huku, huyo kanenepa mno."

"Sawa. Sasa funga jicho la kushoto kama unavyolenga. Mtazame kichwani."

Nilikuwa na kalenda hiyo hiyo ukutani kwangu. Nikamtazama yule kulungu, naye akanitazama. Kwenye simu nilisikia mbwa akijikuna sakafuni, kisha mbwa naye akaacha.

"Mzee?"

"Hana kichwa," akasema Reino Kangas.

Nikavuta faili lake karibu.

"Theluji ipo," akaendelea polepole. "Miguu ipo. Nikitazama pembeni kidogo, kichwa kinarudi. Nikikitazama chenyewe, kinaondoka." Akavuta pumzi. "Hii imeanza lini?"

Aliuliza kana kwamba kumbukumbu zipo kwetu. Na kwa bahati mbaya zilikuwepo kwetu. Zilikuwa kwenye faili mbele yangu, tarehe na kila kitu.

"Sijui, mzee," nikamwambia. "Nenda kwa daktari wa macho. Usingoje wiki ijayo, nenda kesho. Na huyo Dale ndiye aendeshe gari."

"Atafurahi sana huyo," akasema, akakata simu.

Nilikuja kulielewa jambo lote usiku, wakati naosha vyombo. Mtu akiwa na jicho moja zima haoni upungufu wa lile jingine. Anasoma, anaendesha, anamenya viazi, jicho zima linafanya kazi ya mawili. Reino alikuwa na nafasi moja tu ya kutumia jicho la kulia peke yake, nayo ni pale anapolenga. Bunduki ndiyo peke yake iliyokuwa ikimwambia ukweli. Kila mwaka akatuletea, na kila mwaka tukamhakikishia kwamba bunduki ndiyo mwongo.

Barua yake ilikuja mwishoni mwa Januari. Dale alimpeleka hospitali ya Marquette. Jicho la kulia, katikati, limekufa. La kushoto lilikuwa limeanza njia hiyo hiyo, wakalichoma kwa mwanga wa leza, na daktari anasema hilo wameliwahi. La kulia nalo lingewahiwa, alisema daktari, kama lingeletwa lilipoanza. "Rudisheni bunduki," aliandika Reino. "Nitajifunza bega la kushoto. Nina swali moja. Mwaka wa kwanza mlikuta kasoro gani kwenye mtutu?"

Hakukuwa na ukali wowote katika barua ile. Na hilo ndilo lililonikasirisha. Mtu akikutukana unapata pa kushika, unamjibu, mnamalizana. Huyu alikuwa ameuliza tu.

Nikaipeleka kwa Gagnon. Akaisoma akiwa amesimama.

"Mwandikie mtutu ulikuwa umechoka. Ndivyo faili linavyosema."

"Faili nimeliandika mimi, Walter."

"Dolores, yule mzee ana amani yake. Anajua tulimhudumia vizuri. Unataka kumnyang'anya na hilo?"

"Angekuwa na amani asingeuliza."

"Nilikuwa namfanyia wema," akasema Gagnon, na sauti ilimtoka kama ya mtu anayejitetea nyumbani kwake. Nimemfahamu kwa miaka kumi na minne. Ni kweli alikuwa akifanya wema. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hakukuwa na mtu mbaya chumbani.

Nikarudi mezani. Nikachukua kikaratasi chekundu cha bunduki ya Kangas, nikakitia kwenye taipu. Kasoro iliyokutwa: Hakuna. Mara ya pili hakuna. Mara ya kwanza hakuna. Kilichofanyika: Tulibadilisha vitu vizima tukakuambia ni vibovu. Tunaomba radhi. Maneno yalizidi mstari, ikabidi nigeuze kikaratasi upande ili yatoshe.

Nikaandika jina langu. Kila kikaratasi lazima kiwe na saini ya mkuu wa idara, kwa hiyo nikampelekea.

Alikaa nacho muda mrefu. Loretta alikuja akaegemea mlangoni.

"Wanasheria wa ghorofa ya juu wakikiona hiki, unajua itakuwaje?"

"Najua."

"Wewe na mimi sote."

"Najua, Walter."

Saini ya Gagnon kwa kawaida ilikula nusu ya karatasi. Siku ile aliandika herufi ndogo ndogo, ikaingia vizuri kwenye mstari wake. Loretta akakichukua kikaratasi, akaenda kukifunga mwenyewe kwenye kifyatulio. Karatasi ya shabaha yenye tundu moja aliiacha mezani kwake. Sanduku likaondoka Alhamisi.

Wanasheria hawakukiona. Wiki moja ikapita, ya pili, ya tatu. Kila asubuhi nilipopekua barua nilikuwa natafuta mwandiko ule, na nilikuwa naogopa kuupata.

Ulikuja katikati ya Machi, kwenye kadi ya posta. "Bunduki imefika. Nilishahisi hivyo. Bega la kushoto ni gumu. R. Kangas."

Nikampa Loretta, akasoma, akacheka kidogo puani. Kisha akajipangusa jicho kwa ncha ya aproni na kurudi kwenye risasi zake. Gagnon aliisoma mara mbili. Akaigeuza kutazama picha, ilikuwa daraja fulani la kule. Akatazama meza ya vifurushi, halafu akanitazama mimi.

"Hakuna kifurushi cha samaki kilichokuja na hii?"

"Hakuna," nikamwambia.