Punje za Mahindi Mlangoni

Kwetu watu hawahesabiwi. Ng'ombe hawahesabiwi, na watoto ndio kabisa. Ukimuuliza mama wa Kikipsigis ana watoto wangapi, atakuambia, "Wapo," ama atakutajia majina yao mmoja mmoja, kujumlisha utajumlisha mwenyewe ukifika kwako. Kumhesabu mtu aliye hai ni kumwonyesha mauti alipo. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne na hesabu naijua, lakini hata leo wajukuu wakiingia jikoni mimi hutazama sahani, vichwa sivitazami.

Nimeanza na hilo kwa sababu bila hilo hamtaelewa ilikuwaje tukafungiwa shambani wakati wa homa ile ya mafua, na kwa nini kamba ilikataa kutoka.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba. Homa ilikuwa imezunguka dunia, ikafika Mombasa, ikapanda gari la moshi kama abiria yeyote, ikatufikia Njoro. Tulikuwa tukikaa kwenye laini za wafanyakazi katika shamba la mzungu mmoja wa ngano na maziwa. Laini zilikuwa mbili. Ya juu, ambako tulikaa mimi na mume wangu Kosgei, ilikuwa karibu na ghala la ngano. Ya chini ilikuwa karibu na nyumba ya separeta, ile mashine ya kutenga malai na maziwa. Homa ilianza kwetu juu. Kosgei alitoka kukamua asubuhi akarudi akitetemeka, akalala na koti.

Serikali ikatuma ofisa mzungu kutoka Nakuru. Jina lake hatukulishika, tulimwita Bwana Afya. Akafunga kamba njiani, penye mti wa kuwekea mikebe ya maziwa, akamweka Kiplangat, askari wa shamba, na rungu. Hakuna kuingia, hakuna kutoka, mpaka wagonjwa wapungue. Posho ilishushwa upande ule wa kamba, sisi tukaichukua upande huu.

Sasa wagonjwa wapungue, sawa. Lakini atajuaje wamepungua?

Kazi hiyo alipewa Micah, dresa wa shamba, kijana wa kwetu aliyejifunza kufunga vidonda na kupiga sindano. Siku ya kwanza alipita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Wagonjwa hapa ni wangapi?" Alijibiwa, "Tupo." Nyumba ya pili, "Mungu anajua." Kwa mzee Arap Tonui wa laini ya chini alifukuzwa na fimbo: "Unataka kuhesabu watoto wangu kama debe za ngano?"

Micah hakukasirika. Yeye mwenyewe mama yake hakuwahi kumhesabu. Akaja na shauri lingine. Kila nyumba iweke kopo mlangoni. Mtu akiugua, tieni punje ya mahindi. Akipona, toeni. Yeye atapita asubuhi kuhesabu punje. Punje si mtu, mwiko haumo. Wazee wakatazamana, wakasema hilo linawezekana. Nikatia punje ya Kosgei siku hiyo hiyo, na siku ya pili nikatia ya shemeji yangu aliyekuwa kwetu.

Mimi homa haikunishika. Mimi nilishikwa na jambo jingine. Mtoto wangu wa kwanza, Cheptoo, alikuwa kwa mama yangu, huko Ndabibi. Nilikuwa nimempeleka nipate kupalilia, na alikuwa ameanza kutembea na kusema, ila safarini bado alibebwa mgongoni. Siku moja dereva wa lori la posho akaniita nikiwa upande huu wa kamba.

"Mama Cheptoo! Nimetoka Ndabibi jana. Mama yako amelala."

"Amelala vipi?"

"Amelala hiyo ya mafua. Majirani pia wamelala. Nimemkuta mtoto ndiye anamletea maji, kwa kikombe."

Nilikwenda kwa Kiplangat nikamwambia anipishe. Akanitazama kwa huruma, lakini rungu hakuliweka chini.

"Mama, nikikuachilia wewe, kesho nitamzuia nani? Ngoja Jumatatu. Bwana Afya anakuja na hesabu."

Jumatatu akaja. Alisimama upande wake wa kamba, kitambaa puani, akakunjua karatasi kubwa iliyochorwa mstari. Mstari ule ulikuwa ukipanda tu kama mtu anayekwea Menengai.

"Mimi naona namba napanda," akasema kwa Kiswahili chao kile. "Kila siku napanda. Hapana shuka hata siku moja. Kama namba hapana shuka, kamba hapana toka."

Watu wakanguruma. Akeyo, jirani yangu, mama wa Kijaluo mwenye mdomo usiolala njaa, akasogea mbele.

"Bwana, hao wagonjwa wako wako wapi? Hebu tazama moshi. Wagonjwa ndio wanapika ugali wote huo?"

"Namba nasema iko mgonjwa mingi."

"Namba imekuambia imewaona?"

Tukacheka, lakini Truphosa hakucheka. Truphosa alikuwa Mmaragoli, mtu wa kanisa, hasemi mara mbili.

"Chekeni," alisema. "Mwaka wa surua pia tulicheka. Watu walisema ni vipele tu, wakaenda sokoni na watoto mgongoni. Mimi nilizika wawili. Kamba ikae mpaka homa iishe kabisa."

"Ikae, dada," Akeyo akamjibu kwa upole kidogo, maana habari ya wale wawili tuliijua. "Lakini si hata wewe uliugua? Punje yako iko koponi, na wewe uko hapa unanipigia kelele. Sasa mgonjwa ni nani?"

Watu wakacheka tena, hata Truphosa akaficha mdomo kwa leso. Ajabu ni kwamba tulicheka tukaishia hapo. Jibu lilipita mbele yetu sote kama kuku uani, hakuna aliyelikamata. Bwana Afya akakunja karatasi yake. Wiki mbili tena. Nami nikarudi nyumbani nikifikiria kikombe cha maji na mikono ya Cheptoo.

Jioni hiyo watoto wa Akeyo walikuja kuota moto kwangu kama kawaida yao. Sikuwa na moyo wa hadithi, lakini watoto hawajui moyo wa mtu, wanajua moto. Nikawategea kitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu, wanaoingia ni wengi, anayetoka hakuna."

"Tumbo!" akasema mmoja.

"Tumbo lako wewe ndilo halitoi kitu," dada yake akamwambia. "Ni kaburi."

Ni kaburi kweli, ndivyo nilivyofundishwa na mama. Nikawa nafungua mdomo kumwambia amepata, ndipo Kosgei akasema kutoka kitandani, alikokaa akishona kamba ya viatu:

"Ama kopo la Micah."

Watoto wakacheka. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikalichukua kopo letu mlangoni, nikalitazama kwenye mwanga wa moto. Punje ya Kosgei ilikuwemo. Kosgei mwenyewe alikuwa amekamua ng'ombe asubuhi na jioni kwa zaidi ya wiki.

"Kosgei, kwa nini hatujakutoa?"

Akakaza uzi wa kiatu. Halafu akasema, "Nitoe unitupe wapi? Kwa kuku?"

Basi hapo ndipo palipokuwa na mambo yote. Micah alisema toeni, tukaitika eeh, toeni, tumesikia. Lakini ukishatia punje ukasema moyoni huyu ni mume wangu, mkono gani utakaoingia kuitoa na kuitupa? Kumtoa mtu nyumbani kwake kuna maana moja tu. Nikavuka kwa Akeyo, nikachungulia kopo lake. Lilikuwa limejaa.

"Kwenu kuna mwiko huu?" nikamuuliza.

"Kwetu hakuna. Lakini nilipoona ninyi hamtoi, nikasema ngoja kwanza atoe mtu mwingine, mimi nione kitakachompata."

Tukaenda kwa Truphosa. Truphosa akatuambia yeye ni mtu wa Yesu, mambo ya punje hayamtishi. Nikamwuliza mbona basi kopo lake halijapungua. Akatazama pembeni. "Sijapata nafasi," akasema.

Asubuhi nilimngoja Micah mlangoni. Alipoelewa, alikaa kwenye kigogo akashika kichwa.

"Lakini niliwaambia mtoe!"

"Ulituambia, na tulisikia. Wewe kwa mama yako umetoa?"

Alifikiria. Nilimwona akifikiria. "Mama ndiye anayeshika kopo," akasema polepole. "Mimi nahesabu tu." Kisha akasema, "Kwa hiyo ule mstari si wa wagonjwa. Ni wa kila aliyewahi kuugua. Huo hauwezi kushuka, mama. Hata tukipona sote, utabaki huko huko juu."

"Sasa tufanyeje? Kutoa hawatatoa, mimi nakuambia."

Tulizungushana maneno pale mpaka Akeyo akaja na ungo wake wa maharagwe aliyokuwa akichambua, akauliza mbona tumekaa kama wenye matanga. Micah akautazama ule ungo. Akasema, kama kutoa ni vibaya, basi tuongeze. Aliyepona atiliwe haragwe kando ya punje yake. Punje ya mahindi yenye haragwe lake ni mtu mzima. Punje iliyo peke yake ni mgonjwa.

Hilo halikuwa na mwiko wowote. Kwani mahindi na maharagwe hatuyatii shimo moja kila mwaka? Kabla ya jua kupanda, laini zote mbili yalisikika makopo yakilia, ti, ti, ti.

Bwana Afya aliporudi Jumatatu iliyofuata akapewa hesabu mpya, alikasirika. Na mimi simlaumu.

"Wiki jana mgonjwa zaidi ya mia. Leo kidogo tu. Hii ni homa gani napona kwa maharagwe? Ninyi nataka kamba toka, basi nafanya uongo."

Micah akamweleza kwa Kiingereza, akamweleza tena. Mzungu akatikisa kichwa. Ndipo Truphosa akasema, na yeye ndiye aliyetaka kamba ikae:

"Bwana, kama ni uongo, mbona hatukudanganya laini zote mbili? Nenda ukatazame makopo ya chini."

Maana huo ndio ulikuwa ukweli wa pili, na haukutufurahisha. Laini yetu ya juu kila punje ilikuwa na haragwe lake. Chini, karibu na separeta, punje nyingi zilikuwa pweke, na zilikuwa za juzi na jana. Mstari ule mmoja ulikuwa umechanganya homa iliyokwisha na homa inayoanza. Kwa Arap Tonui, yule wa fimbo, nyumba nzima ilikuwa imelala.

Bwana Afya alivuka kamba kwa mara ya kwanza. Akatembea na Micah, kopo kwa kopo, akichungulia ndani ya nyumba. Alirudi kwenye kamba. Akaamua hivi: kamba ihamishwe, ifungwe kati ya laini mbili. Walio chini wabaki na wapelekewe maziwa. Walio juu, nyumba isiyo na punje pweke, ruhusa kutoka kesho asubuhi.

Akeyo alinikumbatia. Nikafunga mzigo: unga, sukari, nguo ya Cheptoo.

Asubuhi niliamka mgongo ukiniuma kama niliyepalilia ekari. Nikasema ni usingizi mbaya. Nikainama kuchochea moto, kichwa kikagonga kama ngoma, na jasho likanitoka baridi. Kosgei alikuwa ameshakwenda kukamua. Hapakuwa na mtu wa kuniona. Kopo langu lilikuwa mlangoni, mahindi na maharagwe sawasawa, na kule njiani Kiplangat alikuwa ameketi bila rungu.

Nilikaa kizingitini na mzigo mapajani. Nilimfikiria mama, ambaye huenda alikuwa anaanza kuinuka. Nilimfikiria Cheptoo atakavyonirukia shingoni. Halafu nikachukua punje moja ya mahindi nikaitia koponi. Ikalia ti.

Akeyo aliisikia. Alikuja na kijiti cha meno mdomoni.

"Wewe! Wewe uliyetuletea haya mambo ya maharagwe!"

"Nimeshikwa, Akeyo."

Akanigusa shingo, akauvuta mkono wake haraka. "Basi Kosgei aende."

"Kosgei ni mkwe wake. Ataingiaje chumbani kwa mama mkwe amwinue kitandani? Mama atakubali kufa kwanza."

Akeyo alikitema kile kijiti. Akatazama kopo lake, punje zote na maharagwe yake. Akauchukua mzigo wangu akautia kichwani.

"Mimi Kikipsigis sijui ila neno la salamu."

"Hilo latosha. Mwambie umetoka kwangu."

"Nitamwambia kwa mikono," akasema, akaondoka. Nilimwona akipita kwa Kiplangat, nikasikia wakitaniana, kisha nikalala.

Homa ilinipiga kweli. Siku zile nilizolala, mzee Arap Tonui alifariki huko chini. Kopo lake lilibaki na punje moja bila mwenzake. Hakuna aliyeligusa.

Nilipoweza kusimama bila kushika ukuta, nilitafuta haragwe zuri, lisilo na tundu, nikalitia. Micah alipita akachungulia. "Sawa, mama," akasema. Mchana huo huo Akeyo akatokea njiani na mtoto wangu mgongoni. Mama alikuwa ameinuka, akasema Akeyo, na alikuwa ametuma maziwa ya mursik yaliyogandishwa kibuyuni na malalamiko kwamba Wajaluo wanatia chumvi nyingi.

"Kitendawili!" Akeyo akaniita kutoka mbali, kwa vile alijua sitaweza kukimbia.

"Tega."

"Nimekwenda nikiwa mmoja, nimerudi tukiwa..." Akajizuia, akaziba mdomo wake, akacheka. "Tumerudi. Tupo."

Yale makopo hakuna aliyeyamwaga. Yalikaa rafuni mpaka mvua ya Machi, kisha kila nyumba ikapanda yake nyuma ya jiko, punje na haragwe katika shimo moja. Ya mzee Arap Tonui ilipandwa na mjane wake, punje tupu bila haragwe. Yangu niliishika mkononi, nikachimba shimo, nikampa Cheptoo aifukie.

Akaniuliza, "Mama, zitaota ngapi?"

"Zitaota," nikamwambia.