Wembe na Riwaya ya Shangazi

Mimi ni mtu wa kushuku. Hata chai ya bure naanza kwa kuinusa. Kwa hiyo mchapishaji wangu aliponipa nisahihishe mkusanyiko wa tahakiki za marehemu Wembe, sikuzisoma kwa kupiga magoti kama walimu wa fasihi. Huyo Wembe ndiye aliyemnyoa shangazi yangu bila maji. Riwaya yake ya kwanza ilichambuliwa gazetini, na tangu hapo shangazi hajachapisha hata barua ya pongezi.

Nilitaka aandike tena. Kwa hiyo, niseme wazi, nilikuwa namtafutia Wembe kosa.

Nilipoifikia tahakiki yenyewe, neno moja likanikwama kooni: baba. Wembe analalamika kwamba "baba huyu mkali" hana utu. Anarudi jioni, anafoka, analala bila kumtazama mtoto. Baba gani tena? Nikaiteremsha riwaya rafuni. Sura ya kwanza ni kweli: alirudi, alifoka, alilala. Kitenzi chetu hakisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke, na shangazi alijua anachokifanya. Lakini sura ya pili inapoanza tu, mtu huyo huyo anashikwa na uchungu, anajifungua mapacha.

Njia ya mwongo ni fupi. Wembe aliishia sura ya kwanza!

Nilifika kwa shangazi nikihema. Alikuwa anapiga pasi. Nikamsomea tahakiki, nikamwonyesha na mapacha wake, huku nacheka peke yangu.

"Hakukisoma kitabu, shangazi! Amekuhukumu bure. Sasa shika kalamu."

"Nilijua siku ile ile gazeti lilipotoka," alisema bila kusimamisha pasi. "Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kitabu cha pili nikakianza wiki hiyo hiyo."

"Kumbe ulianza? Sasa nani alikukatisha tamaa, kama si yeye?"

Akaiweka pasi kando. Machozi yalimlengalenga, nami nikajuta kuuliza.

"Baba yako, mwanangu. Kaka yangu wa tumbo moja. Alikuja hapa akanikumbatia, akaniambia nisimjali Wembe. Akasema yeye ameisoma riwaya yote, neno kwa neno, na yule baba mkali amemliza."